Kabla ya Kutafuta Mchawi wa LUKU

Wanachuo wenzangu, ukitaka kuona watu wanaopendana wakinuniana, waweke wanne kwenye nyumba yenye mita moja ya LUKU, halafu subiri siku zile ambazo bumu limekata na jipya halijaingia.

Ndiyo hali ya nyumba tunayopanga mimi na wenzangu watatu, nje kidogo ya chuo. Tunachangia sawa, lakini uniti zinaisha kabla ya wakati, na lazima apatikane mchawi. Muhula uliopita mchawi alikuwa mwenzetu anayesoma usiku. Kompyuta yake inawaka mpaka alfajiri, kwa hiyo kila mtu aliona jibu liko wazi. Ikafika mahali akaambiwa achangie mara mbili au atafute chumba kwingine. Mimi nasoma ualimu wa fizikia na hisabati. Nikaona hili si jambo la kupiga kura, ni la kupiga hesabu.

Kanuni tunazo tangu sekondari. Nguvu ya umeme, yaani wati, ni volti mara ampea: P = VI. Ukinzani, yaani omu, ni volti ugawanye kwa ampea: R = V/I. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Nikageuza kila kifaa nikasoma kibandiko chake. Chaja ya kompyuta, wati 65. Hita ya maji ya kuoga, wati 1,500. Jiko la koili, wati 1,000.

Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Kompyuta ikiwaka saa 8, hata ikila wati zake zote 65, inamaliza nusu uniti na kidogo tu. Hita ikikaa kwenye ndoo dakika 20, nusu uniti imekwenda. Yaani ndoo moja ya maji ya moto ni karibu sawa na usiku mzima wa kusoma, na sisi watatu tuliokuwa tukimlaumu ndio tuliokuwa tunaoga maji ya moto. Maharage yakikaa saa 2 kwenye koili ni uniti 2, karibu usiku nne za yule bwana. Nilipowasomea namba hizo sebuleni, hakuna aliyejibu. Kesho yake maharage yalihamia kwenye jiko la mkaa.

Kumbe hesabu hiyohiyo ilikuwa na jambo kubwa kuliko hela. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampea. Hita inavuta ampea 6.5, jiko 4.3, na pasi ya wati 1,000 nayo 4.3. Asubuhi vyote vitatu vilikuwa vinachomekwa kwenye ekstensheni moja: ampea 15 na zaidi, wakati plagi yake ni ya ampea 13. Nikajiuliza fyuzi iko katika hali gani. Tulipofungua plagi tukakuta fyuzi haipo. Kuna mtu, sijui wa enzi zipi, aliweka kipande cha waya mahali pake.

Waya nao una ukinzani, hata kama ni mdogo. Joto linalozalishwa ndani yake ni ampea mara ampea mara omu. Tuseme waya una omu 0.2. Hita peke yake inauachia wati 8 hivi za joto, na humwoni mtu akilalamika. Vifaa vyote vitatu vinauachia wati 46, ndani ya mpira uliopita chini ya godoro. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ndiyo maana moto wa ekstensheni hautoi taarifa.

Mambo haya nilikwenda nayo TP. Niliwapa wanafunzi hita ya wati 1,500 na balbu ya zamani ya wati 60, watafute omu. Wakapata 35 na 882 bila shida. Nikauliza, kipi kinakula umeme zaidi? Karibu darasa zima likasema balbu, kwa sababu namba yake ni kubwa. Wanajua kugawanya, ila hawajaambiwa kwamba ukinzani ni kizuizi: volti zikiwa zilezile, omu zikiwa chache mkondo unapita mwingi, na wati zinapanda. Tukaanza upya na kibandiko cha hita, ubao baadaye. Safari hii maswali yalitoka kwao. Mmoja alitaka kujua kama pasi ya mkaa ya bibi yake ina omu ngapi.

Tunaosoma ualimu tukumbuke kwamba Georg Ohm mwenyewe alifundisha shule ya sekondari kule Köln, Ujerumani, kabla ya kuchapisha kitabu chake mwaka 1827. Sheria tunayoikaririsha ilitoka kwa mwalimu mwenzetu.

Basi leo jioni geuza vifaa vyako usome vibandiko. Jumlisha wati za kila kilichochomekwa kwenye ekstensheni, gawanya kwa 230. Ikizidi 13, chomoa kimoja. Na kabla hujamfukuza mtu kwa ajili ya uniti, mhesabie kwanza.