Millard Fuller, Mjenzi wa Nyumba

Leo napenda kuwaeleza habari za mjenzi mmoja wa Marekani, jina lake Millard Fuller, aliyefariki mwaka wa 2009. Hapa petu ni wachache wanaolijua jina lake, ingawa kazi aliyoianza ilifika mpaka Kenya, Uganda na Tanzania, na watu wengi wanalala chini ya mapaa yaliyotoka katika kazi hiyo.

Katika Kiswahili chetu neno nyumba lina maana mbili, wala hatuzitengi. Nyumba ni kuta na paa. Tena nyumba ni mume na mke na watoto waliomo. Mtu akileta habari kwamba nyumba ya fulani imevunjika, twamwuliza kwanza kama ni mvua au ni ugomvi. Nimelifikiri sana neno hili kila nilipozisoma habari za Fuller, kwa kuwa alianza kufahamu ujenzi siku ile nyumba yake mwenyewe ilipokuwa karibu kuanguka, nayo ilikuwa nzuri, haina hata ufa.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1935 katika mji mdogo wa Lanett, jimbo la Alabama. Mama yake alifariki yeye akali mtoto wa miaka mitatu. Baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula, naye mtoto alipotimiza miaka sita akampa nguruwe mmoja, amlishe na kumwuza, apate kujua biashara. Mtoto akaijua, labda kupita alivyotaka baba. Baadaye baba alinunua shamba, na ndani ya shamba hilo walikaa mume na mke wazee katika kibanda kibovu. Mwenye shamba angeweza kuwaondoa, wala hapana ambaye angemlaumu. Lakini baba na mwana wakakitengeneza kibanda kile, wazee wakakaa pakavu. Fuller alipokuwa mtu mzima alipenda kuisimulia kazi ile, lakini kwanza aliisahau kwa miaka mingi.

Maana alisoma sheria, akawa wakili katika mji wa Montgomery, na pamoja na rafiki yake wa chuoni akafanya biashara ya kuuza vitu kwa njia ya posta: vitabu vya mapishi, mito ya kukalia juu ya trekta, na vingine vingi. Fedha ziliingia kama maji ya masika. Alipokuwa na miaka 29 mali yake ilifika dola milioni moja. Alikuwa amemwoa Linda mwaka wa 1959, nao wakajaliwa watoto. Mke alipewa nyumba kubwa, gari la fahari na nguo alizozitaka; kitu alichokosa ni mume. Bwana alitoka alfajiri, akarudi usiku, na akirudi fikira zake zilikuwa bado dukani.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa habari hii si ya Marekani tu. Ninyi mnajua, kama nijuavyo mimi, vijana wetu waendao mijini kutafuta fedha ili wajenge nyumba ya bati kijijini. Mwaka wa kwanza huleta mabati, mwaka wa pili saruji, wa tatu madirisha. Nyumba inakwisha, inapakwa chokaa, watu wanaisifu, na ndani yake anakaa mwanamke peke yake pamoja na watoto wanaomjua baba kwa jina na kwa picha iliyo ukutani. Mimi huwafundisha watoto hao. Nikiwaambia wachore nyumba yao, huchora bati vizuri sana, na mlangoni huwachora mama na kuku. Siwahukumu wale baba, maana najua jinsi umaskini unavyomsukuma mtu; nasema tu kwamba Linda Fuller angeielewa picha ile.

Mwezi wa Novemba 1965 Linda akamwambia mumewe kwamba hawezi tena, akaenda New York kutafuta shauri kwa mchungaji mmoja. Fuller akabaki na nyumba yake nzuri, akaona kwamba ni kubwa mno. Basi akamfuata mkewe. Huko wakasema yote yaliyofichwa, wakalia, wakasameheana. Kisha wakakata shauri moja lililowashangaza rafiki zao wote, yaani kuuza kila kitu na kuzitoa fedha kwa makanisa na kwa kazi za kusaidia maskini, ili waanze upya wasiwe na kitu cha kuwatenga. Hawakusema sehemu ya kumi, wala nusu. Fuller akamwuzia mwenziwe sehemu yake ya biashara, na fedha zikagawanywa.

Watu wanapozitaja habari hizi husifu sana kule kutoa mali. Mimi nasifu zaidi kule kumfuata mke. Kutoa fedha ni neno kubwa, lakini tajiri aweza kutoa fedha na bado asirudi nyumbani. Tena wako wanaotoa ili wasiulizwe habari za nyumbani. Tangu siku ile Fuller na Linda walifanya kazi pamoja, na katika kila jambo nitakalolieleza sasa mwanamke huyu alikuwapo, ingawa jina lake huandikwa kwa herufi ndogo.

Mwezi uliofuata walipita katika shamba moja la Kikristo liitwalo Koinonia, karibu na mji wa Americus katika jimbo la Georgia. Walikusudia kukaa saa chache tu. Wakakaa kama mwezi mmoja. Shamba hilo lilianzishwa mwaka wa 1942 na Clarence Jordan, mhubiri wa Kibaptisti na mjuzi wa Kiyunani, ambaye alichagua jina la Koinonia kwa maana ya ushirika. Hapo watu weusi na weupe walifanya kazi pamoja na kula meza moja, jambo ambalo katika nchi ile na wakati ule lilikuwa kama kutia moto nyasi kavu. Katika miaka ya 1950 walipigwa risasi na mabomu, na wenye maduka wakakataa kuwauzia. Hawakuhama.

Mwaka wa 1968 Fuller na jamaa yake wakarudi kukaa huko, na Jordan na yeye wakatazama jinsi majirani wao maskini walivyokaa katika vibanda vinavyovuja, wasiweze kukopa benki. Wakaanzisha mfuko, na sheria yake ilikuwa rahisi: nyumba iuzwe bila faida, na deni lilipwe kidogo kidogo bila riba, kama ilivyoagizwa katika Kutoka sura ya 22, kwamba mtu asimtoze maskini riba. Fedha zinazolipwa zinarudi katika mfuko na kujenga nyumba ya mwingine.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu, niruhusuni nifanye mfano ubaoni. Nyumba ya dola 6,000 ikilipwa kwa miaka 20 bila riba, mtu atatoa dola 25 kila mwezi. Akikopa fedha zile zile kwa riba ya 8 kwa 100 kila mwaka, atatoa zaidi ya dola 50 kila mwezi, na mwisho atakuwa amelipa zaidi ya dola 12,000. Yaani maskini amelipa nyumba mbili, akapata moja. Ile ya pili imekwenda wapi? Fuller alitaka ile ya pili iwe ya jirani.

Jordan hakuiona nyumba ya kwanza ikikamilika. Alifariki ghafula tarehe 29 Oktoba 1969, mwenye miaka 57. Chuki ilikuwapo bado, hata mkubwa wa kukagua maiti akakataa kuja shambani, ikambidi Fuller mwenyewe kuupeleka mwili mjini kwa gari lake. Wakamzika katika sanduku la mbao la kusafirishia majeneza. Fuller ndiye aliyeongoza maziko. Udongo ulipokuwa ukishuka, binti yake mdogo wa miaka miwili akaimba wimbo ambao watoto wa kwao huimba siku ya kuzaliwa, kwa kuwa ndio wimbo alioujua. Hapana aliyemnyamazisha.

Mwaka wa 1973 Fuller na Linda wakawachukua watoto wao wanne wakaenda Mbandaka, mji ulio kando ya mto Kongo, karibu na mstari wa Ikweta, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Wakafanya kazi chini ya kanisa la huko. Palikuwa na kazi ya kufyatua matofali ya mchanga na saruji iliyokuwa imelala. Wakaiamsha, wakaanza kujenga. Mahali walipopewa palikuwa uwanja mtupu ambao siku za Wabelgiji uliachwa wazi ili kutenga makao ya Wazungu na makao ya Waafrika. Wenyeji walipaita Bokotola, yaani mtu asiyejali wenzake. Hapo hapo zikasimama nyumba za matofali, na jina likabadilishwa, pakaitwa Losanganya, yaani apatanishaye. Mwaka wa 1977 Fuller alitoa kitabu juu ya kazi hiyo, akakiita kwa jina la kwanza, Bokotola.

Nimeona waandishi wengine wakiipita Mbandaka kwa mstari mmoja, kama kwamba kazi yote ilizaliwa Marekani. Mimi naona hapa ndipo ilipojaribiwa. Hapa alitambua kwamba kanuni ile ya Koinonia yaweza kushika hata katika mji ambao mfuko wa saruji hungojewa kwa majuma, na ambao mwenye nyumba mwenyewe hubeba mchanga na maji kwa ajili ya ukuta wake na wa jirani.

Waliporudi Georgia mwaka wa 1976 wakaanzisha chama kiitwacho Habitat for Humanity. Kila jamaa iliyochaguliwa iliweka saa nyingi za kazi ya mikono yake, na watu wa makanisa wakaja na nyundo zao, wenye elimu na wasio nayo. Nyumba ikikwisha, mwenyewe alipewa funguo na Biblia. Mwaka wa 1984 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, naye alikuwa mtu wa kijiji cha Plains kilicho jirani na Americus, akaenda New York pamoja na mkewe kufanya kazi ya useremala katika jengo bovu, na tangu hapo chama kikajulikana duniani. Mwaka wa 1996 Fuller alipewa nishani kuu ya raia wa Marekani. Hata mwaka wa 2005 hesabu ya nyumba ikafika 200,000, na watu waliokaa ndani yake kama milioni moja.

Mwaka huo huo alifukuzwa. Wengine wangeliacha jambo hili, lakini mtu husimuliwa mzima. Mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa chama alimshitaki kwa mwenendo usiofaa, Fuller akakana, baraza la chama likachunguza, likasema ushahidi hautoshi. Baadaye pakawa na mabishano juu ya maneno yaliyosemwa mbele ya watu, na mwisho wa Januari 2005 baraza likawaondoa Fuller na Linda, likisema maneno yao yanaleta mafarakano. Sikuwapo, wala siwezi kuwa mwamuzi. Naona tu aliyoyafanya baadaye: alikuwa na miaka 70, naye angeweza kukaa barazani na kuhesabu waliomkosea. Badala yake, mwaka huo huo yeye na Linda wakaanzisha chama kingine cha ujenzi, kule kule Koinonia walikoanzia, kwa sheria ile ile ya kutotoza riba.

Mwezi wa Agosti 2009 ndoa yao ingetimiza miaka 50. Hawakutaka karamu, walikusudia siku hizo zijengwe nyumba mia moja. Miezi sita kabla yake, tarehe 3 Februari, Fuller alishikwa na ugonjwa, akafariki akipelekwa hospitali, mwenye miaka 74. Kesho yake wakamzika Koinonia katika sanduku la mbao za msonobari, lisilo na pambo, katika ardhi ile ile alipozikwa Clarence Jordan. Linda akabaki na watoto wanne na wajukuu, na hesabu ya nyumba mia moja ambazo bado hazijajengwa.