Baada ya Makofi

Hebu jiulize: siku kazi inayokupa jina ikiisha, utabaki nani?

Swali hili lilinikaa kichwani mwaka ambao mume wangu alipunguzwa kazi benki. Miaka kumi watu walimwita "bwana benki". Ghafla simu zikapungua, kadi za harusi nazo zikapungua. Tukaenda kwa wazazi wake Buger, Karatu, tukatulize akili. Jioni moja, tukipukuchua mahindi, baba mkwe akaanza habari za Filbert Bayi. Si bure, mzee alikuwa na lake!

Bayi ni mtoto wa Karatu, kazaliwa 1953. Februari 2, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, alichomoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500 na hakushikika. Alimaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia, huku mwenyeji John Walker akimfukuzia kwa nyuma. Rekodi yake ya michezo hiyo ilidumu hadi 2022! Mei 1975, kule Kingston, Jamaica, akavunja na rekodi ya dunia ya maili.

Kisha mambo yakamwendea kombo. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu bila Bayi uwanjani. Mwaka 1980 kule Moscow, Bayi aliingia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akaongoza kwa mbali, lakini mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Akapata medali ya fedha. Hiyo, na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000 hukohuko Moscow, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Mzee akaweka gunzi chini. "Sasa mwanangu, alipoacha kukimbia, alikaa akingoja makofi?"

Hakukaa. Yeye na mkewe, Anna, walianzisha shule Kimara na Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Ofisini kwetu kuna kijana aliyedhani Filbert Bayi ni jina la shule tu. Wengine walicheka, mimi nikaona hiyo ndiyo heshima yenyewe: jina limeendelea kufanya kazi hata kwa wasiojua habari za mbio.

Mzee alimtaja Anna kwa kupita tu, lakini mimi nilimng'ang'ania yeye. Uwanjani saa inapima mtu mmoja. Maisha ya baadaye yanajengwa na wawili, na hakuna anayepiga picha.

Usiku ule mimi na mume wangu hatukuongelea benki nyingine. Tuliongelea akiba iliyobaki, anachokiweza yeye, ninachokiweza mimi. Mara ya kwanza baada ya miezi, alilala mapema.

Kwa hiyo wewe na mwenzako, kaeni mzungumze sasa, wakati mshahara bado unaingia. Usimuulize anataka kuwa na cheo gani. Muulize: tukimaliza mbio hizi, tutajenga nini pamoja?