Mbaazi Zetu Katika Chungu cha Gujarat

Ndugu msomaji, kama unakaa Lindi, Mtwara au Manyara, mbaazi unazijua vizuri. Unazipanda, unazivuna, unazipeleka kwenye mizani. Je, umewahi kujiuliza zinakwenda kupikwa wapi?

Nyingi huvuka Bahari ya Hindi mpaka India. Leo tuzifuate. Twende mpaka jikoni tuone zinavyopikwa. Kisha turudi nyumbani tujaribu wenyewe.

Kijiji cha karibu na Bharuch

Gujarat ni jimbo la magharibi ya India, kando ya bahari. Zamani majahazi ya Gujarat yalikuja Zanzibar kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwao kwa upepo wa kusi. Yalileta nguo, vyakula na hata maneno. Ukisema chapati au achari, unasema maneno yanayojulikana huko pia.

Nilifika Gujarat mwezi wa Januari. Nilikwenda katika kijiji kimoja karibu na mji wa Bharuch, kando ya mto Narmada. Udongo wa huko ni mweusi. Wakulima hulima pamba, mtama na mbaazi. Niliposimama kando ya shamba nilidhani niko Nachingwea.

Ulikuwa wakati wa kuvuna. Wao huvuna mbaazi tangu Desemba mpaka Februari. Sisi wa kusini mwa Tanzania huvuna tangu Julai mpaka Septemba. Kwa hiyo zetu hufika India wakati ambapo zao zimepungua. Hiyo ni sababu moja ya wao kununua zetu.

Jikoni

Mama mwenye nyumba alinikaribisha. Kwao mwanamke huitwa "ben", maana yake dada. Nilivua viatu mlangoni, nikanawa mikono, nikakaa chini mkekani.

Jikoni mlikuwa na bati la mviringo. Ndani yake mlikuwa na vikopo saba vidogo vya viungo. Mlikuwa na manjano, haradali, bizari nyembamba, giligilani, uwatu, pilipili na mvuje. Viungo hivyo vyote vinajulikana kwetu pwani.

Wagujarati wengi hawali nyama wala samaki. Hata hivyo watoto wa nyumba ile walikuwa na afya njema. Kwa nini? Kila siku hula mbaazi, choroko au dengu, pamoja na nafaka na maziwa. Mbaazi hujenga mwili. Katika gramu 100 za mbaazi kavu mna gramu 20 hivi za protini.

Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa huitwa dali. Mama yule aliipika dali yake, akaiweka katika sinia pamoja na wali na mkate wa mtama. Mkate ule aliupiga kwa viganja mpaka ukawa bapa. Tukala kwa mkono wa kulia, kama tunavyokula sisi.

Ndugu msomaji, mtama asili yake ni Afrika. Mbaazi asili yake ni India. Basi katika sinia lile mlikuwa na zao letu na zao lao. Sisi tuliwapa mtama, wao wakatupa mbaazi.

Nilijaribu mara tatu

Niliporudi nyumbani nilitaka kupika dali ile. Mama yule alikuwa amenitajia vitu vyote, nami nikavishika kichwani.

Mara ya kwanza nilitia mbaazi, nyanya na ukwaju kwa pamoja. Nilichochea moto mpaka jioni. Mbaazi zikakataa kuiva. Bibi mmoja jirani akacheka. Akasema, "Mjukuu wangu, ukwaju ukitangulia, mbaazi hukaza. Ngoja zilainike kwanza." Alisema kweli. Vitu vichachu huchelewesha kuiva kwa mbaazi na maharage.

Mara ya pili niliunguza viungo. Jiko lilijaa moshi, na dali ikawa chungu. Watoto walikula ugali mkavu.

Mara ya tatu niliandika kila hatua katika daftari. Siku hiyo sufuria ilikombwa.

Namna ya kupika

Chukua mbaazi zilizokobolewa kikombe 1. Kama huna, loweka mbaazi kavu usiku kucha. Asubuhi zianike zikauke kabisa. Zipasue kwa jiwe la kusagia, lakini usizifanye unga. Pepeta maganda.

1. Osha mbaazi. Zichemshe kwa maji vikombe 4 na manjano nusu kijiko cha chai. Funika. Maji yakipungua, ongeza.

2. Zikilainika kabisa, zivuruge kwa mwiko.

3. Sasa tia nyanya 2, tangawizi kidogo, pilipili 1, chumvi, ukwaju kidogo na kipande kidogo cha sukari guru. Chemsha dakika 10.

4. Katika kikaango, pasha mafuta vijiko 2 vya chakula. Tia haradali nusu kijiko cha chai. Ikianza kuruka, tia bizari nyembamba nusu kijiko. Hesabu mpaka tano, kisha mimina yote katika dali mara moja. Ukichelewa, viungo vitaungua.

Kula kwa wali au ugali. Kama huna haradali wala sukari guru, usiache kupika. Tumia kitunguu kilichokaangwa.

Usiuze zote

Labda utauliza, "Ya nini kujifunza mapishi ya mbali?" Kumbuka mwaka 2017. Mwezi wa Agosti, Serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje. Ilikuwa tani 200,000 tu kwa mwaka. Bei kwetu ikaanguka. Wakulima wengi wakabaki na magunia nyumbani. Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango.

Hatuwezi kuamua bei ya India. Lakini tunaweza kuamua kitakachopikwa katika nyumba zetu. Kuuza mbaazi ni vizuri, maana fedha husomesha watoto. Lakini kuuza mbaazi zote, kisha kuwapa watoto ugali kwa chumvi, si vizuri. Kabla ya kwenda kwenye mizani, tenga gunia moja la nyumbani.

Na jambo la mwisho. Mimi nilikosea mara mbili kwa sababu sikuandika. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Jaribu dali hii wiki hii. Ukiona jambo la kurekebisha, liandike katika daftari lako. Kisha mpe jirani daftari naye ajaribu.