Goti la Mama na Sakafu ya Noah

Magari ya Rombo yanaongea Kijapani. Si utani. Panda Noah stendi ya Mkuu asubuhi na mapema, dereva akizungusha ufunguo tu utasikia sauti ya dada mmoja mpole ikitoka kwenye dashibodi. Anasema sentensi moja, ananyamaza. Hakuna anayemjibu. Abiria wanaendelea kubishana kuhusu bei ya ndizi, konda anaendelea kuita "Himo, Moshi, Himo, Moshi!", na yule dada kesho ataisema tena sentensi yake ile ile.

Abiria wengi wanaamini anatusalimia. Mimi uandishi wa habari umeshaniharibu, swali dogo likikaa kichwani haliniachi nilale, kwa hiyo nikatafuta. Kumbe anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa Japani wa kulipia barabara kuu. Unaweka kadi kwenye kifaa kilicho ndani ya gari, unapita getini bila kusimama, unakatwa pesa. Ulisambazwa nchi nzima mwaka 2001. Kuanzia Marangu hadi Tarakea hakuna geti hata moja la namna hiyo, yaani dada wa watu anadai kitu ambacho hatakipata mpaka gari liuzwe kama chuma chakavu.

Redio nayo ina shida yake. Kwa miaka mingi masafa ya FM ya Japani yalikuwa kati ya 76 na 90, wakati yetu yanapanda hadi 108. Gari likishuka melini linakuja na redio ambayo stesheni zetu nyingi haizifikii. Fundi anafungua dashibodi, anachomeka kidude kidogo cha kushusha masafa, unalipa, unaanza kusikiliza taarifa ya habari. Nakipenda sana kile kidude. Ni kama mkalimani ambaye hakuna aliyemwajiri, lakini bila yeye watu wawili wasingeelewana.

Nimeyataja haya kwa sababu kazi yangu imenifanya nione kila kitu kwa jicho hilo: aliyekitengeneza alikuwa anamfikiria nani? Kwa taaluma mimi ni mwandishi wa habari, lakini kalamu peke yake haijazi sufuria. Nilipokuwa gazetini Dar es Salaam nilijifunza kupanga kurasa, na ujuzi huo ndio unaonilisha sasa nikiwa nyumbani Mkuu. Natengeneza nembo za vikoba, mabango ya saluni, kadi za michango ya harusi, na ikifika Desemba, fulana za koo. Desemba Wachaga wote wanarudi nyumbani, si unajua, na ukoo usio na fulana mwaka huo unaonekana kama una mgogoro.

Kompyuta ninayoifanyia kazi hizo ni ya mtumba kutoka Ujerumani. Mashine nzuri, haina neno, isipokuwa kibodi. Kwenye kibodi ya Kijerumani herufi Z na Y zimebadilishana mahali. Mjerumani ana sababu zake, lugha yake inaitumia sana Z, Y anaikuta mara chache. Sasa Mswahili anazitumia zote mbili kila baada ya pumzi. Vidole vilivyozoea kibodi ya kawaida vinaandika "kazi yangu", kioo kinaonyesha "kayi zangu". Mbaya zaidi ni pale "ya" inapogeuka "za", maana hapo kompyuta haioni kosa lolote. "Habari ya mji" inakuwa "habari za mji". Sarufi ya ngeli nzima, ambayo walimu wetu walitutolea jasho, inategemea vitufe viwili ambavyo mtu wa mbali alivipanga bila kujua kwamba kuna lugha ambayo herufi hizo mbili ndizo zinazotenganisha umoja na wingi.

Simlaumu. Alimfikiria mtu wake. Tatizo ni kwamba mtu wake si mimi.

Sisi wenyewe je? Kila mteja wa hapa anayetaka nembo anataka mlima ndani yake. Haya, tunaweka mlima. Lakini anataka Kibo: mgongo mpana, kofia nyeupe ya barafu, ule mlima wa kwenye kalenda. Ukisimama Mkuu ukatazama juu, kilele kinachokukabili ni Mawenzi, mita 5,149, chenye meno meno kama msumeno uliochoka. Kibo yenye mita 5,895 iko nyuma yake. Wazee wetu walikuwa na hadithi ya kueleza yale meno. Mawenzi alikuwa akienda kwa Kibo kuomba moto mara kwa mara, mpaka Kibo akachoka, akamshindilia kwa mchi. Sisi watu wa upande huu tunaishi miguuni pa yule aliyepigwa, halafu kwenye nembo zetu tunamchora aliyepiga.

Kuna mama mmoja wa kikoba niliwahi kumchorea Mawenzi. Akaitazama simu yangu muda mrefu. "Mwanangu, huu mlima mbona umevunjika?" Nikamwambia, "Mama, geuka utazame." Akageuka. Ilikuwa asubuhi, mawingu hayajapanda bado. Akacheka, akasema, "Ni kweli. Lakini weka ule mwingine, watu wa benki wanaujua ule." Nikauweka ule mwingine. Pesa ni ya kwake, nembo ni ya kwake.

Sasa nirudi kwenye Noah, maana ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Noah za kwanza, zile za kuanzia 1996, injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ni gari la familia ya Kijapani, watu wanane, lami tupu, watoto wanaruka ndani na begi za shule. Bahati nzuri Wajapani nao wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo mlango wa kuteleza unafungukia upande wa pembeni ya barabara. Hapo tumeendana. Lakini kwetu gari hilo lilipewa kazi nyingine. Linabeba watu kuliko viti vyake, na juu yao magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi na ndoo za maziwa, kwenye kona za Mwika na mteremko wa kwenda Himo. Ili liweze, mafundi wanaongeza nguvu kwenye springi. Springi zikiongezwa, gari linanyanyuka. Halafu stendi nyingi za njiani hazina stendi. Gari linasimama na matairi yake kwenye lami, abiria amesimama mtaroni. Jumlisha hayo yote utapata kimo ambacho mchoraji wa kule hakukichora, na cha kwetu hakuna aliyekipima.

Kimo hicho kilimkuta mama yangu.

Mama ana magoti. Anatakiwa kwenda kliniki Moshi kila mwezi. Mwaka jana nikaanza kuona kadi yake ya kliniki haina tarehe mpya. Nikamuuliza, akasema ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa. Mwezi uliofuata, mvua. Mwezi uliofuata, msiba wa jirani, na kweli msiba ulikuwepo, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Miezi minne. Magoti yakavimba mpaka akaanza kushuka kwenda kwa ng'ombe kinyumenyume.

Aliyenieleza ni shangazi. "Mama yako hataki kubebwa." Kumbe kila akipanda Noah, konda alikuwa anamwinua kwa nyuma, mikono kwapani, kama anapakia debe. Kijana hana ubaya, anawahi abiria wengine. Lakini siku moja kanga ikadondoka, stendi nzima inatazama. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nusu ya watu waliokuwa pale stendi aliwafundisha kusoma. Hakulalamika kwa mtu. Aliacha tu kwenda.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Kukodi teksi kila mwezi hadi Moshi na kurudi, mfuko wangu unakataa. Kununua gari, tusiongee. Nikaenda kwa dereva mmoja wa hapa kijijini ambaye mama humpanda zaidi.

"Mangi, naomba nikufungie ngazi mlangoni."

"Ngazi? Trafiki wakinikamata?"

"Inakunjwa. Gari likitembea haionekani."

"Na muda je? Mimi nagombania foleni bwana."

"Konda akimbeba bibi mmoja mnapoteza muda gani?"

Akacheka. Akasema nimletee fundi, lakini isimpunguzie chini, maana njia ya kuingia kijijini ina mawe.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale Mkuu nikiwa na mchoro safi, nimeutengeneza kwenye kompyuta, vipimo nimevitoa kwenye maelezo ya ngazi za nyumba. Fundi akautazama, akaurudisha. "Hii ni ngazi ya nyumba. Hapa goti la nani linapanda?" Nikamwambia la mama. "Basi twende kwa mama."

Tulikwenda. Akamsalimu shikamoo, akaomba ruhusa, akachukua tofali mbili na vipande vya mbao. Akawa anapanga, mama anapanda akishika kizingiti cha jikoni, fundi anatazama uso wake, hatazami mguu. Akaongeza mbao, uso ukabadilika kidogo, akaipunguza. Akapima kwa futi: sentimita 19. Nimesoma habari za ubunifu kwa miaka, nimetazama video za watu wa California wakieleza namna ya kumweka mtumiaji mbele. Mbinu iliyo wazi kuliko zote nimeiona jikoni kwetu, ikifanywa na mtu mwenye chaki sikioni.

Ngazi yenyewe ni kitu cha kawaida: bomba la mraba, bati lenye vinundu ili mguu usiteleze, bawaba mbili, na kipini cha kuizuia ikikunjwa. Pembeni ya mlango akachomelea mkono wa kushikia, jambo ambalo kwenye mchoro wangu halikuwepo, ila mama alikuwa ameshika kizingiti na fundi alikuwa ameliona. Mwezi uliofuata mama alikwenda kliniki. Aliporudi nikamuuliza safari ilikuwaje. "Nilikaa dirishani," akasema. Hilo tu.

Mwaka 2022 Masoud Kipanya, mchora katuni tunayemjua kwa miaka mingi magazetini na redioni, alionyesha gari dogo la umeme alilolibuni. Kuna waliompongeza na waliocheka umbo lake. Hajawa wa kwanza kujaribu. Kenya walizindua Nyayo Pioneer mwaka 1990, Makerere wakatoa Kiira EV mwaka 2011, na sisi tuna kituo cha Nyumbu pale Kibaha kilichoanza kutengeneza magari ya jeshi zamani. Kila mara mjadala wetu ni ule ule: je, litawashinda Wajapani? Mimi nilivutiwa na jambo jingine. Huyu ni mtu ambaye kazi yake yote imekuwa kutazama Watanzania wanavyokaa, wanavyotembea, wanavyogombania kiti, na kuwachora. Mtu wa namna hiyo akichora gari, walau ameanza na uso anaoujua. Likifanikiwa sokoni au lisipofanikiwa, hilo halifutiki.

Nilimwambia hivyo yule fundi siku nilipomlipa. Akasema gari si ngazi, gari linataka mtaji. Ni kweli. Sijapata jibu la hilo.

Na hata ngazi yetu haina uhakika. Bibi wengine wameshaijua ile Noah. Wanaacha nyingine zipite, wanaisubiri. Dereva anafurahi, lakini Desemba anataka kuiuza achukue ya kisasa zaidi. Kuanzia toleo la 2001 injini ilihamia mbele na sakafu ikashuka. Maana yake wachoraji wa Japani wenyewe waliona watu wanahangaika kupanda. Habari njema, ungesema. Lakini sakafu ikishuka, tumbo la gari linakaribia mawe ya njia yetu, na dereva ameshasema ataongeza springi. Akiziongeza tutarudi pale pale.

Mchoro ninao kwenye kompyuta, sasa una vipimo vya fundi na mkono wa kushikia. Nimeuweka wazi, anayeutaka nampa bure. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kuchomelea kutoka Tarakea aliniandikia WhatsApp, ana bibi yake. Nikamtumia. Akauliza kama anaweza kuutumia ulivyo, kazi iishe mapema.

Nikamjibu amtafutie bibi matofali kwanza.