Manowari Iliyobeba Ndege Mbele ya Dar es Salaam

Katika somo la historia tulitajiwa maasi ya askari ya mwaka 1964 kwa sentensi mbili tatu tu, na katika moja ya hizo likapita jina la manowari Centaur. Jina hilo lilinikaa moyoni, nikaenda maktaba kuitafuta habari yake.

Centaur ni kiumbe wa hadithi za Wayunani, nusu mtu nusu farasi. Jina lilifaa, maana meli yenyewe ilikuwa nusu meli, nusu uwanja wa ndege. Ilianza kuundwa Belfast mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ingali inapiganwa. Lakini iliposhushwa majini mwaka 1947 vita vilikuwa vimekwisha, na kazi ilianza 1953. Urefu wake ulipita meta 220, yaani kama viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Katika meli za namna hiyo ndege husukumwa na mtambo mpaka ipate mwendo wa kuruka, na ikirudi hunasa kwa kulabu nyaya za chuma zilizotandazwa sitahani, isije ikatumbukia baharini. Rubani wa kazi hiyo simwonei kijicho hata kidogo!

Basi, tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke. Siku ya pili wenzao wa Tabora nao wakaasi. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miaka miwili na wiki chache. Mwalimu Nyerere hakuwa na jeshi jingine la kutegemea, akalazimika kuomba msaada wa Uingereza.

Centaur ilikuwa Aden. Ikapakia askari wa majini wa kikosi cha 45 pamoja na helikopta, ikaja mbio kusini. Alfajiri ya tarehe 25 manowari nyingine ilipiga mizinga ya kutisha, na papo hapo helikopta zikaruka kutoka sitahani, zikawashusha askari karibu na kambi. Haikuchukua muda, kambi ikatekwa. Waasi wachache walipoteza maisha.

Kambi hiyo leo yaitwa Lugalo, nami huipita kwa daladala. Colito ni mahali huko Ethiopia walikopigana askari wa K.A.R. mwaka 1941, Lugalo ni mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Kila nipitapo hujiuliza akina mama wa jirani walifikiri nini waliposikia ngurumo zile.

Wenzangu husema ilikuwa aibu kumwita mkoloni wa jana arudi na bunduki. Mwalimu mwenyewe hakuficha kwamba ilikuwa fedheha. Nakubali; lakini naona kuomba kulihitaji moyo mkubwa kuliko kukaa kimya na nchi ikapotea. Wala hakuwaacha wakae. Februari alizikutanisha nchi za Afrika Dar es Salaam, askari wa Nigeria wakaja kushika zamu, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi.

Centaur yenyewe iliachishwa kazi mwaka 1965, na mwaka 1972 ikauzwa, ikakatwakatwa huko Scotland kuwa chuma chakavu.