Kabla ya Kuisifu Picha, Muulize Aliyepigwa

Akina mama wenzangu, zamani kupiga picha kulikuwa na maandalizi. Tulivaa nguo ya sikukuu, tukaenda studio, tukasimama wima mbele ya pazia. Leo mtoto ana simu mkononi, naye anakupiga ukiwa jikoni, ukiwa shambani, hata ukiwa umesinzia. Mara nyingi picha hizi za ghafla ndizo zinazopendeza zaidi, kwa kuwa zinaonyesha uso wa mtu kama ulivyo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo zinahitaji busara.

Kijana wangu wa pili ana kipawa hicho. Kila Jumapili huwapiga watu picha wasipojua, na jioni huniletea. "Mama, hebu tazama. Unaonaje?" Mimi ni muuguzi, si fundi wa picha. Hata hivyo najua kwamba kumwambia "nzuri" tu hakumsaidii. Namwambia ninachokiona: hapa umemngoja bibi mpaka akacheka kwa kweli, hapa mti umeota kichwani mwa mzee, ungesogea hatua mbili. Naanza na lililo jema, kisha nataja moja la kurekebisha, si kumi. Ndivyo tunavyofanya wodini na wanafunzi wa uuguzi. Ukimmwagia mtu makosa yote kwa mara moja, hataondoka na lolote.

Mwaka jana alileta picha aliyoipenda kuliko zote. Mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyefiwa na mume miezi michache kabla, ameinama kwenye benchi baada ya ibada. Shavu limelowa machozi, na mwanawe mdogo amemshika mkono. Baba yake aliisifu. Dada zake waliisifu. Wazee wa kanisa wakataka iwekwe kwenye kalenda ya mwaka mpya. Kwa upande wa ufundi, sikuwa na la kuongeza. Nikamwuliza, "Yeye mwenyewe amesemaje?" Akanyamaza. Hakuwa amemwonyesha.

Ndipo nikamsimulia habari ya picha moja maarufu. Mwanzoni mwa mwaka 1936, huko Nipomo, California, nchini Marekani, Dorothea Lange, mpiga picha aliyeajiriwa na serikali, aliingia katika kambi ya wachuma njegere ambao mazao yao yalikuwa yameharibiwa na baridi kali. Akampiga picha mama wa miaka 32, watoto wawili wamemwegemea mabegani, mchanga akiwa mapajani. Picha hiyo ilienea duniani. Ilileta mema pia, kwani serikali ilipeleka chakula kambini, ingawa wakati huo mama yule alikuwa ameshaondoka.

Mafundi waliijadili kwa miaka mingi. Kidole gumba kilichotokeza pembeni kilionekana kuiharibu, hata kikafutwa. Lakini jina la mama halikujulikana kwa umma mpaka mwaka 1978, mwandishi wa gazeti alipompata: Florence Owens Thompson. Maoni yake hayakuhusu kidole. Alisema alitamani picha ile isingepigwa. Hakuulizwa jina lake, wala hakupata hata senti. Lange alikuwa amefariki tangu mwaka 1965. Maoni yaliyohitajika kuliko yote yalichelewa miaka 42.

Kijana wangu akaenda kwa yule mjane, nami nikamsindikiza. Mama aliishika simu kwa muda mrefu, kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, usiiweke kwenye kalenda. Machozi haya ni yangu na Mungu wangu. Lakini nakuomba unisafishie moja niiweke chumbani. Sikujua kama mtoto alikuwa amenishika hivi."

Kijana aliumia, sitaficha. Njiani hakusema neno. Alikuwa amekwisha kujiona kwenye ukuta wa kila nyumba ya waumini. Nikamwambia kwamba muuguzi hafunui jeraha la mgonjwa mbele ya wageni, hata kama limeshonwa vizuri kupita yote. Wiki iliyofuata alimpelekea mama picha yake ndani ya bahasha, na kalenda ikatoka na picha ya kwaya.

Tangu hapo amejiwekea utaratibu. Akishapiga, anamwendea mwenye uso kwanza, anamwonyesha, anamsikiliza. Akikataliwa, anafuta bila kununa. Wengi hukubali, na wengine humwambia mambo ambayo sisi nyumbani tusingeyaona.

Mama mpendwa, mtoto wako akikuletea picha, msifu kwa ukweli na umrekebishe kwa upole. Ila kabla hujasema lolote juu ya mwanga na kivuli, mwulize kama mwenye uso ule ameiona.