John Curry na Ruhusa ya Kucheza

Tendo la kucheza katika Kiswahili halibagui. Mtu hucheza mpira, hucheza karata na hucheza ngoma, na kwa yote matatu neno ni moja. Kiingereza huitenga ngoma na michezo mingine kwa neno lake, na penye maneno mawili hupatikana nafasi ya kuruhusu moja na kukataza la pili. Katika nafasi hiyo nyembamba yalianza maisha ya John Curry, bingwa wa kuteleza juu ya barafu.

Alizaliwa Birmingham, mji wa viwanda katika Uingereza, tarehe 9 Septemba, 1949. Baba yake alikuwa mhandisi mwenye kiwanda chake. Mtoto alipokuwa mdogo sana aliomba afundishwe bale, ile ngoma ya majukwaani ya Ulaya, na baba alikataa, kwa kuwa ngoma hakuiona kuwa shughuli ya mtoto wa kiume. Baadaye mtoto aliona watu wakiteleza juu ya barafu katika televisheni, akaomba hilo. Baba hakuwa na kinyongo, maana huo ulihesabiwa kuwa mchezo wa mashindano, wenye waamuzi na nishani. Basi mama yake akampeleka kwenye uwanja wa barafu alipokuwa na umri wa miaka 7. Alichonyimwa mlangoni alikipata dirishani, na yamkini katika nyumba ile hapana aliyetambua kuwa kilikuwa kitu kile kile.

Msomaji aliyezaliwa penye jua kali, ambaye barafu kwake ni kipande katika bilauri, anastahili kuelezwa kidogo. Kiatu cha mchezo huu kina bapa la chuma chini yake, na bapa hilo lina mfuo katikati, hata likawa na makali mawili, ya ndani na ya nje. Mchezaji huinamia kali moja au jingine, na katika kuinama huko hupatikana mzunguko, mwendo na mruko. Zamani nusu ya kazi, au zaidi, ilikuwa michoro ya lazima. Mchezaji alisimama kwa mguu mmoja akachora barafuni tarakimu 8, kisha akairudia juu ya mstari ule ule. Alipoondoka, waamuzi waliinama kuitazama alama kama makarani wanaokagua hesabu: je, duara ni duara kweli? Je, kali la pili halikugusa? Hapakuwa na muziki wala makofi. Michoro hiyo iliondolewa katika mashindano makubwa ya dunia baada ya mwaka 1990, na wachache waliisikitikia. Walakini Curry alitoka katika shule hiyo, na usafi wa mistari yake, ambao watu waliusifu kama kipaji, kwa sehemu kubwa ulikuwa adabu ya miaka mingi ya kuchora 8.

Taabu yake haikuwa miguuni. Ilikuwa mikononi. Wanaume wa mchezo huo walitazamiwa kuruka kwa nguvu, mikono imetulia karibu na mbavu, na mikono ya Curry iliinuka na kufuata muziki mpaka ncha za vidole. Walimu na waamuzi wa kwao walimwona amezidi. Hapa ndipo penye jambo la kustaajabisha: baba alikuwa amempeleka katika mchezo ili aepukane na ngoma, na mchezo nao ukamshitaki kwa ngoma.

Mwaka 1965 baba yake alifariki kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya msiba huo kijana alikwenda London, akafanya kazi ya duka ili apate ada ya mafunzo, na hapo akaanza kujifunza bale. Uhuru ulifika, lakini hapana mtoto ambaye angekubali kuununua kwa bei ile.

Alikuwa bingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 22. Nje ya nchi mambo yalikuwa mazito. Katika Michezo ya Olimpiki ya Sapporo, 1972, alikuwa wa 11. Nafasi ya kujizoeza ilikuwa haba na fedha hazikuwapo. Aliyemwokoa ni tajiri wa Marekani, Edwin Mosler, wa jamaa ya watengenezaji wa masanduku ya chuma ya kuhifadhia mali, ambaye alimlipia gharama. Huko Marekani Gus Lussi, mwalimu mkongwe mzaliwa wa Uswisi, alimvunjia miruko yake yote akaijenga upya tangu msingi. Kisha Carlo Fassi, Mwitalia, alimfundisha kushinda, ambayo ni elimu nyingine kabisa. Curry alikuwa na desturi ya kuharibu siku ya mwisho kile alichokipata siku ya kwanza. Alipunguza baadhi ya mapambo, akathibitisha miruko ya mizunguko mitatu hewani, akawapa waamuzi wanachokitaka ili wamwachie anachokitaka yeye. Wako watakaouita ujanja. Lakini mtu aliyefungiwa mlango tangu utotoni haachi kuzijua bawaba zake.

Mwaka 1975 alipata nafasi ya tatu ya dunia. Mwaka 1976, katika muda wa miezi mitatu hivi, alitwaa ubingwa wa Ulaya, nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Innsbruck, na ubingwa wa dunia mjini Göteborg. Innsbruck alicheza kwa muziki wa Minkus wa bale iitwayo Don Quixote. Yaani usiku ule aliokuwa akihukumiwa, alichukua ngoma yenyewe akaingia nayo uwanjani mbele ya waamuzi 9. Saba walimweka wa kwanza. Wawili waliobaki, Mrusi na Mkanada, kila mmoja alimpendelea mtu wa nchi yake.

Furaha hiyo haikukaa hata siku mbili. Magazeti yalitangaza faragha yake, kwamba alipenda wanaume wenziwe. Aliyazungumza na mwandishi mmoja akidhani hayatachapwa. Alitokea mbele ya waandishi na hakukana. Katika michezo ya wakati ule hapakuwa na mtu wa cheo chake aliyekwisha simama mahali hapo, na heshima yake katika saa hiyo ni kubwa kuliko ya nishani.

Baada ya ubingwa wa dunia akaacha mashindano. Aliunda kundi lake la kuteleza jukwaani, akawataka wachezaji wote wafanye mazoezi ya bale, na watunzi wa ngoma wakubwa, Kenneth MacMillan na Twyla Tharp miongoni mwao, walimtungia kazi. Mwaka 1984 barafu ilitandazwa katika jukwaa la Metropolitan Opera House, New York, na wachezaji wake wakateleza hapo kwa okestra kamili. Fedha hazikutosha siku zote, na tabia yake ilikuwa kali. Marafiki waliumia kwa ukimya wake na hasira zake, wala haifai kuyaficha hayo kwa kuwa alikuwa fundi. Kundi lilivunjika.

Mwaka 1987 aliambiwa ana virusi vya ukimwi, maradhi yaliyokwisha kuwachukua wengi wa rafiki zake. Alirudi Uingereza, kwa mama yake, yule aliyemshika mkono akampeleka uwanjani. Mwaka 1992 alisema ugonjwa wake hadharani, wakati ambao wengi waliuficha hata kaburini. Alifariki katika nyumba hiyo tarehe 15 Aprili, 1994, mwenye umri wa miaka 44, na mama yake alikuwa hai.